Siku moja maishani mwangu: unga uliokataa kutiririka

Saa moja asubuhi, kabla sijavaa koti la maabara, husoma kwanza kipimaunyevu cha ghala la unga wa dawa katika kiwanda chetu cha vidonge. Leo kilionyesha asilimia 68, ilhali kikomo chetu ni 50, kwa sababu mashine ya kukausha hewa ilikuwa imezimika usiku na hakuna aliyejua. Saa mbili hadi saa nne nilipima sampuli za kawaida na kujaza daftari.

Saa nne na nusu msimamizi wa uzalishaji aliniita: uzito wa vidonge ulikuwa ukipanda na kushuka. Nilichungulia ndani ya faneli ya mashine nikaona unga umejenga kuba juu ya tundu, chini yake patupu, na ukigonga ukuta unaporomoka kwa mabonge. Nilitia gramu 100 katika silinda, zikafika mililita 200. Baada ya kugongwa mara 1,250 zikashuka hadi 142. Tofauti hiyo ni asilimia 29, na famakopea, yaani kitabu cha viwango vya dawa, huuhesabu unga wa namna hiyo kuwa na mtiririko mbaya. Sampuli ya kundi lilelile, iliyotunzwa katika chupa iliyofungwa barabara, ilitoa asilimia 18.

"Dada, dawa yenyewe si nzima? Tuukaushe tu, tuendelee," alisema, naye nilimwelewa, kwa kuwa mashine iliyosimama humtesa yeye kwanza. Nilimweleza kwamba mashine haipimi uzito bali hujaza kwa ujazo vishimo ambamo vidonge hukandamizwa, hivyo kishimo kisichojaa humpa mgonjwa dozi pungufu hata kama dawa ni safi kabisa. Hewa yenye unyevu huacha maji juu ya chembe, na zinapogusana maji hayo huwa daraja dogo linalozivuta pamoja. Kama chembe zinayeyuka majini, sehemu ya nyuso zake huyeyuka humo, na ukikausha, kilichoyeyuka huganda na kuziunganisha kwa daraja gumu. Tena unga uliokauka kupita kiasi hupata umemetuli, yaani chaji ya umeme isiyotiririka, ukang'ang'ania kuta za faneli. Hakupenda jibu, lakini alizima mashine.

Kuanzia hapo sikuitazama saa tena. Mapipa ya unga ghalani yalikuwa 24, na kila moja lilihitaji sampuli ya juu, ya katikati na ya chini, kwa sababu unyevu huingilia juu na pipa linaweza kuwa bovu kiganja kimoja tu kutoka mdomoni. Mifuko kadhaa ya ndani ilikuwa imekunjwa tu bila kufungwa, jambo linaloniuma kuliko mashine kuzimika, maana kamba ilikuwa hapo hapo juu ya kifuniko. Mabega yaliuma, barakoa ikalowa jasho, na msimamizi yuleyule akaja kunishikia vifuniko.

Tulipofunga ghala giza lilikuwa limeingia. Mapipa tisa yamebandikwa kibandiko chekundu, sita yamepita, na kesho nitaanza na la kumi na sita.