Dhoruba ya Matendo 27: Kusudi la Mungu na Hiari ya Mwanadamu

Waumini wanapojadili kuchaguliwa tangu asili na hiari ya mwanadamu, upande mmoja hukimbilia Warumi 9, ambapo Paulo anasema Mungu humrehemu amtakaye, upande wa pili hukimbilia Kumbukumbu la Torati 30, ambapo Musa anawaambia Waisraeli wachague uzima, na baada ya hapo mjadala hugeuka kuwa mashindano ya kurushiana aya. Sura ya 27 ya Matendo ya Mitume haitajwi mara nyingi katika mabishano hayo, nami naona ingepaswa kutajwa kwanza, kwa sababu humo mambo yote mawili yanakutana ndani ya merikebu moja, na Luka, anayesimulia, haoni haja ya kueleza jinsi yanavyoweza kukaa pamoja.

Paulo anasafirishwa kuelekea Rumi akiwa mfungwa, chini ya ulinzi wa akida aitwaye Yulio. Dhoruba imewapiga siku nyingi, shehena imetupwa baharini, na matumaini ya kuokoka yamekwisha. Ndipo Paulo anaposimama na kuwaambia kwamba malaika wa Mungu amemjia usiku, akamhakikishia kuwa hana budi kusimama mbele ya Kaisari, na kwamba Mungu amempa wote wanaosafiri pamoja naye. Hakuna nafsi hata moja itakayopotea, ila merikebu tu. Ahadi hiyo haina sharti wala haitanguliwi na neno "iwapo". Usiku wa kumi na nne mabaharia, wakihisi kwamba nchi kavu iko karibu, wanashusha mashua baharini kwa kisingizio cha kutupa nanga za omo, huku nia yao ikiwa ni kutoroka. Paulo anamgeukia akida na askari wake na kuwaambia kwamba watu hawa wasipobaki merikebuni, ninyi hamwezi kuokoka. Askari wanazikata kamba za mashua na kuiacha ianguke.

Msomaji makini ana haki ya kushangaa. Ikiwa Mungu amekwisha kutangaza kwamba wote watafika salama, kwa nini kubaki kwa mabaharia kuwe sharti? Na ikiwa ni sharti la kweli, ahadi ya malaika ilikuwa na uhakika gani? Paulo mwenyewe haonyeshi dalili ya kusumbuliwa na swali hilo. Uhakika alioupata kwa malaika haumfanyi akunje mikono, bali ndio unaompa ujasiri wa kumwamuru akida, kuwasihi watu wale chakula baada ya kufunga kwa muda mrefu, na kushughulika na kila jambo kana kwamba maisha ya watu wale 276 yanategemea hatua itakayofuata. Naam, yalitegemea hatua hiyo. Mungu aliyekusudia mwisho alikusudia pia njia ya kuufikia, na njia hiyo ilipita katika uamuzi wa akida, visu vya askari na ujuzi wa mabaharia ambao nia yao haikuwa njema hata kidogo.

Hoja ya kwamba kusudi la Mungu linaifanya juhudi ya mtu kuwa bure ni ya zamani kuliko Ukristo. Wanafalsafa wa kale waliijua kama hoja ya mvivu: ikiwa imeamriwa kwamba mgonjwa atapona, atapona amwite tabibu au asimwite. Kasoro yake ni kudhani kwamba kinachoamriwa ni tukio la mwisho peke yake, likiwa limetengwa na sababu zake. Askofu Augustino, katika kitabu cha tano cha Mji wa Mungu, alimjibu kwa njia hiyo hiyo Cicero, mwandishi wa Kirumi aliyeona kwamba Mungu akijua yajayo hiari ya mtu inafutika, akisema kwamba utashi wetu ni sehemu ya mpangilio wa sababu ambao Mungu anaujua, na kwa hiyo kujua kwake hakuufuti utashi huo, bali kunauthibitisha kuwa ni sababu halisi. Ungamo la Westminster, tamko la imani la Wakalvini (wanaofuata mafundisho ya mwanamageuzi Yohana Calvin), ambalo lilikamilika mwaka 1646 na ambalo wengi hulihesabu kuwa la wenye msimamo mkali, nalo linasema kwamba Mungu ameamuru yote yatakayotukia, lakini kwa namna ambayo haimfanyi kuwa mwanzilishi wa dhambi, haiulazimishi utashi wa viumbe, wala haiondoi uhuru wa sababu za pili, yaani viumbe ambavyo Mungu hutenda kwa kuvitumia. Kwa hiyo mtu anayesema haombi, hahubiri wala hatubu kwa kuwa "kila kitu kimekwisha kuamuliwa" hawezi kuwategemea hata Wakalvini kumtetea.

Kuhusu kujua kwa Mungu mambo yajayo sitakaa sana, kwa sababu naliona kuwa fumbo jepesi kuliko linavyodhaniwa. Mwanafalsafa Boethius, akiandika gerezani mnamo mwaka 524, alieleza kwamba Mungu haoni mbele kama sisi tunavyotabiri, bali huona nyakati zote kwa pamoja katika umilele wake, na kumwona mtu akitembea hakumlazimishi kutembea. Wapo wanaolikosoa jibu hilo, lakini mimi linanitosha.

Jambo zito liko kwingine: neema. Hapa ndipo mwalimu Pelagio na Augustino walipoachana mwanzoni mwa karne ya tano. Pelagio aliona kwamba Mungu hawezi kuamuru jambo lisilowezekana, na hivyo mwanadamu ana uwezo wa kutii akitaka. Augustino alijibu kwamba kutaka kwenyewe kumejeruhiwa, na kwamba anayegeuka kumwelekea Mungu amekwisha kuguswa na Mungu kabla hajageuka. Mtaguso wa Kartago wa mwaka 418 ulimkataa Pelagio. Baadaye, Sinodi ya Orange ya mwaka 529 ilitamka mambo mawili ambayo ningependa kila anayeingia katika mjadala huu ayashike yote kwa pamoja: kwamba hata mwanzo wa imani, yaani ile shauku ya kuamini, ni kazi ya neema, na kwamba wazo la Mungu kuwachagulia watu uovu ni la kulaaniwa.

Ukishika hayo, utaona kwamba ugomvi uliofuata ulikuwa mwembamba kuliko tunavyousimulia. Jacobus Arminius, mwanatheolojia wa Uholanzi aliyefariki mwaka 1609, hakufundisha kwamba mwanadamu hujiokoa kwa nguvu zake. Naye alisisitiza kwamba pasipo neema inayotangulia hakuna awezaye kuamini. Wafuasi wake walipowasilisha vipengele vyao vitano mwaka 1610, tofauti yao na wapinzani wao Wakalvini ilihusu hasa kama neema hiyo inaweza kukataliwa, na kama Mungu huchagua kwa kuiona imani mbele au kwa kusudi lake tu. Sinodi ya Dort, ya mwaka 1618 hadi 1619, iliwahukumu. Siasa za Uholanzi zilikuwa zimekwisha kuingia humo kwa miguu yote miwili: Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi wa serikali aliyewalinda, alikatwa kichwa Mei 1619, na Hugo Grotius, mwanasheria aliyekuwa upande wao, alifungwa gerezani. Ni vigumu kuamini kwamba upanga ulisaidia kufafanua Warumi 9. Wakatoliki nao walikuwa na vita vyao, Wadominiko wakimshambulia Mjesuti Luis de Molina kwa kitabu chake cha mwaka 1588 kuhusu neema na hiari, lakini Papa Paulo V aliufunga mjadala mwaka 1607 bila kumpa yeyote ushindi, akikataza kila upande kuuita mwingine mzushi. Nimesoma watu wakimlaumu kwa woga. Mimi naona ni mojawapo ya maamuzi ya busara katika historia yote ya suala hili.

Tukirudi kwa Paulo, Warumi 9 yenyewe husomwa kana kwamba inaanzia kwenye mfano wa mfinyanzi anayeufinyanga udongo apendavyo. Inaanza na huzuni kuu, ambapo mtume anasema angetamani yeye mwenyewe atengwe na Kristo kwa ajili ya ndugu zake. Baada ya kueleza jinsi Mungu anavyomrehemu amtakaye, sura ya kumi inafunguka kwa maombi ya kwamba waokolewe, kisha anauliza watamsikiaje pasipo mhubiri. Anayefundisha kuchaguliwa bila huzuni ile na maombi yale amechukua nusu ya hoja ya Paulo. Calvin alilijua hilo kwa kiasi fulani: katika toleo la mwisho la kitabu chake kikuu, la mwaka 1559, aliiweka mada ya kuchaguliwa katika kitabu cha tatu, baada ya kueleza imani, toba na maombi, wala hakuiweka mwanzoni anapoeleza Mungu ni nani. Mpangilio huo una maana. Aliyekwisha kuamini anatazama nyuma na kukiri kwamba alitafutwa kabla hajatafuta, na hapo fundisho linakuwa faraja. Likiwekwa mlangoni ili lipime nani aingie, linakuwa kitisho, na sioni mahali ambapo Maandiko yanalitumia hivyo.

Msimamo wangu mwenyewe uko karibu na ule wa Walutheri wa Kanuni ya Makubaliano, tamko lao la imani la mwaka 1577. Anayeokoka anaokoka kwa sababu Mungu alimchagua katika Kristo, na anayepotea anapotea kwa kukataa kwake mwenyewe, bila amri ya Mungu nyuma ya kukataa huko. Najua kwamba mizani hiyo haijalingana. Mkalvini ataniuliza kwa nini, kati ya watu wawili wenye upotovu uleule waliosikia injili ileile, mmoja ameamini na mwingine hakuamini, na kama sitaki kusema ni kwa sababu ya uamuzi wa Mungu, basi niseme ni kwa sababu ya ubora wa huyo aliyeamini. Mwarminio naye ataniambia kwamba neema isiyotegemea kukubali kwangu inafanya kukataa kwa mwenzangu kuwe maigizo tu. Maswali yote mawili ni ya haki, na jibu langu linayaacha wazi yote mawili. Hata hivyo napendelea hesabu isiyofunga kuliko ile inayofunga kwa kufuta 1 Timotheo 2:4, inayosema Mungu hutaka watu wote waokolewe, au kwa kufuta Waefeso 1:4, inayosema tulichaguliwa kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu.