Nilivyojifunza kupima malisho bila kuchagua mahali

Wiki yangu ya kwanza kwenye kazi ya msimu ya kupima malisho ya umma niliharibu hesabu bila kujua. Nilikuwa na fremu ya chuma ya nusu mita kwa nusu mita, mkasi, mifuko ya karatasi na mizani. Unaweka fremu chini, unakata nyasi zote zilizomo, unazikausha mpaka uzito usibadilike tena, kisha unazidisha gramu mara 40 kupata kilo kwa hekta. Wastani wangu ulikuwa gramu 60. Kiongozi wetu alirudia eneo lile lile akapata 30.

Sikudanganya. Miguu ndiyo iliyonipeleka penye nyasi, na kila nilipokuta udongo mtupu nilisogea hatua moja. "Umepima unapopapenda, mwanangu," aliniambia. Tukakaa chini tukapiga hesabu. Gramu 30 ni kilo 1,200 kwa hekta. Nusu inaachwa ili mizizi isichoke na udongo usibaki wazi, kwa hiyo za kuliwa ni kilo 600. Ng'ombe wa kilo 250 hula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Hekta hiyo inamtosha siku 100. Kwa gramu zangu tungeandika siku 200, na siku 200 zingemaliza kilo zote 1,200, hata ile nusu ya kuachwa. Usiku ule sikupata usingizi.

Kuanzia hapo sikwenda porini bila vituo vilivyopangwa kabla, na jipiesi, kifaa cha kuonyesha mahali ulipo, ikisema simama, nasimama hata kama ni juu ya kichuguu. Kwenye kila kituo tulivuta futi kamba ya mita 50 kati ya vigingi viwili, chini kabisa na kwa kuikaza, maana upepo ukiipindisha umeshapima mstari mwingine. Tulitembea upande mmoja tu ili tusikanyage tunachokihesabu. Kila sentimita 50 unaangusha kijiti cha chuma, unataja kilichoguswa: nyasi ya kudumu, ya msimu mmoja, majani yaliyokauka, jiwe, udongo. Pointi 100, kila moja ni asilimia 1.

Hata hapo kidole changu kilitaka kukisukuma kijiti kuelekea kwenye jani. Dawa niliyoipata ni kumtazama mwenzangu anayeandika wakati nakiachia, ndipo niiname.

Kigumu zaidi ni kuzitambua nyasi zilizokwisha kuliwa. Hazina ua wala mbegu, ni visiki vya urefu wa kidole. Nilizoea kulikunja jani taratibu mpaka pale linapoachana na shina na kuangalia kama pana nywele au kiwambo chembamba. Nisiyoijua niliipa namba, nikaikausha katikati ya magazeti, wala sikukisia jina.

Mzee mmoja mchungaji alitutazama siku nzima, halafu akauliza kwa nini hatujafika upande wa mbali na maji. Shikamoo yangu aliipokea, na nilipomuuliza kuna nini huko akanionyesha kwa fimbo: karibu na birika la kunyweshea mifugo palikuwa vumbi tupu, mbali kule nyasi zilisimama hazijaguswa. Tukaongeza vituo kadiri unavyoachana na maji, na takwimu zikamuunga mkono. Ndizo zilizofanya mawe ya chumvi yahamishiwe kule mbali, ng'ombe wayafuate.

Mwisho wa msimu nilipiga picha kwenye kila kigingi, kamera ikiwa kwenye urefu ule ule wa picha za mwaka uliotangulia. Kisha nikamwandikia atakayekuja baada yangu, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: kigingi cha nne kimefunikwa na kichaka, usikikate, simama mashariki yake na uelekeze kamera kwenye mwamba uliopasuka.