Wiki 12 za Kusi, Wiki 4 za Kaskazi: Atachimenti Yangu Lamu

Barua za kuomba nafasi niliandika 11. Nazikumbuka kwa hesabu kwa sababu kila moja niliilipia: kuichapisha, bahasha, na nauli ya kuipeleka kwa mkono kila nilipoweza. Nilikuwa mwaka wa tatu, nasomea uvuvi, na kwetu ni Malindi, mtaa wa Barani. Nilidhani mtu wa Malindi hawezi kukosa pa kufanyia atachimenti ya samaki, yaani yale mafunzo ya kazini ya mwanafunzi. Wawili walinijibu kwamba nafasi zimejaa, mmoja akaniambia nirudi Januari, na waliobaki hawakunijibu kabisa.

Chuo hakikutafutii nafasi. Kinakupa barua ya utambulisho, karatasi ya bima ya ajali, na kile kitabu cha kumbukumbu ambacho sote tunakiita logibuku. Mengine ni juu yako. Ukipata mahali, unapewa msimamizi wa kazini ambaye atatia sahihi logibuku yako kila wiki. Mhadhiri atakuja mara moja kukukagua. Mwisho utaandika ripoti, na alama zitaingia kwenye matokeo yako ya mwaka. Mshahara hakuna. Nauli, chakula na kodi ya chumba ni vyako, na ndiyo maana wanafunzi wengi hufanya atachimenti pale walipo na ndugu, si pale penye kazi waliyoisomea.

Mimi pia ndugu ndio walionivusha. Mama mdogo ameolewa Lamu, anakaa Langoni, na ndiye aliyenipigia simu akaniambia nipeleke barua katika ofisi moja huko. Nikakubaliwa. Katikati ya Mei 2023 nikapanda basi la asubuhi, tukapita Garsen na Witu hadi Mokowe, na hapo nikaingia boti kuvuka kwenda mjini. Wiki 12 zikaanza.

Tatu za kwanza zilipotea. Nilipanga faili, nikatoa nakala za karatasi, nikapika chai. Chai sina neno nayo, kwetu mdogo ndiye huwaandalia wakubwa. Lakini hakuna aliyeniuliza hata siku moja kama namjua samaki aitwaye tafi kwa kumtazama. Msimamizi wangu alikuwa safarini mara kwa mara, na kurasa za logibuku zilikuwa hazina sahihi. Usiku nilikaa na kile kitabu mapajani, naona haya kuandika “kupanga faili” kwa siku ya 14 mfululizo. Sikuandika uongo, ila kalamu ilikuwa nzito.

Nilichofanya baadaye ndicho ninachomweleza kila mwanafunzi anayeniuliza. Niliandika ukurasa mmoja. Juu niliandika wiki 9 zilizobaki, na mbele ya kila wiki nikaweka kazi moja: wapi nitakuwa, nitapima nini, na Ijumaa nitaleta karatasi gani. Sikulalamikia zile wiki tatu. Nilimsubiri msimamizi arudi, nikamwamkia, nikamwambia, “Mzee, naomba ruhusa ya kuwa bandarini kuanzia alfajiri hadi saa nne, kisha nirudi ofisini. Kazi za hapa nitazimaliza.” Akausoma ule ukurasa mara mbili. Akaniuliza nani atanipokea huko. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Mama mdogo ndiye aliyelitatua. Jioni ile alijifunga buibui, akanipeleka nyumbani kwa mzee mmoja wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, hiki kinachojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, BMU. Kwa kanuni zilizotoka 2007, vikundi hivi ndivyo vinavyosimamia mahali samaki wanaposhushwa, na kuandika kinachovuliwa ni sehemu ya kazi yao. Mzee hakuuliza habari za chuo. Aliuliza mimi ni binti wa nani, na babu yangu alikuwa akivua wapi. Nilipomjibu, akacheka, akasema kwa Kiamu, “Ndoo, mwanangu, keti. Lakini umekuya na kusi. Samaki wa nje hutawaona.”

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo miaka mitatu ya darasani haikunionyesha. Kalenda yetu ya chuo hututoa kwenda kazini Mei hadi Agosti. Miezi hiyo ni kusi. Upepo unavuma kutoka kusini, bahari ya nje inachafuka, na vyombo vidogo havithubutu kuvuka mwamba. Wavuvi wa Lamu hubaki ndani, kwenye mikondo iliyokingwa na visiwa na mikoko, au hupandisha mashua pwani kuzitengeneza. Nilijifunza kushindilia pamba kwenye nyufa za mbao, kalafati, kabla sijawahi kumpima jodari. Siku moja ya Juni nilipima samaki 17 tu tangu alfajiri: tafi, changu, na pono wawili.

Nilipima hivyo hivyo. Nilikuwa na ubao wenye sentimita, mizani ya kuning’iniza, na daftari la mistari. Kila chombo kilichotia nanga niliuliza: mmetoka saa ngapi, mmevua wapi, kwa jarife (wavu mkubwa), kwa mshipi au kwa malema (mitego ya kusuka), mlikuwa wangapi. Kwanza walinijibu kwa kunionea huruma. Baada ya Idi ya Kuchinja, mwishoni mwa Juni, walianza kunijibu kabla sijauliza. Nahodha mmoja akawa ananiwekea changu mkubwa pembeni nimpime kabla ya mnada. Ijumaa napeleka jedwali ofisini, msimamizi anatia sahihi, na kusema kweli alianza kuniuliza maswali: kwa nini wiki hii malema yameshinda nyavu? Mhadhiri alipokuja wiki ya nane hakunikuta mezani. Alishuka bandarini, akavua viatu, akakaa nasi saa nzima.

Katika wiki hizo nilikuwa nikiandikiana na mtoto wa ami yangu, anayesoma uhandisi Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Nilimtumia picha ya mashua zilizolala pwani, nikamwandikia kwamba nitaandika ripoti ya bahari niliyoiona nusu. Akanijibu kwamba wao hawaendi mara moja. Wanakaa darasani miezi minne, wanakwenda kazini miezi minne, wanarudi darasani, hivyo hivyo hadi vipindi sita vya kazi, karibu miaka miwili yote ikijumlishwa. Shahada yao huchukua karibu miaka mitano kwa sababu hiyo. Waajiri huweka nafasi kwenye mfumo wa chuo, mwanafunzi anaomba, anafanyiwa usaili, kisha mwajiri anapanga anaowataka na mwanafunzi anapanga anapopataka, na mfumo unawaoanisha. Wanalipwa mshahara. Mwajiri humpa mwanafunzi alama mwisho wa kila kipindi, na mwanafunzi huandika ripoti.

Nilisoma ujumbe ule barazani nikakaa kimya muda mrefu. Baadaye nilitafuta mzizi wake. Mpango huo ulianza Marekani, Chuo Kikuu cha Cincinnati, 1906, na mtu aliyeuanzisha aliitwa Herman Schneider. Alianza na wanafunzi 27 wa uhandisi, akiwabadilisha kwa wiki: nusu kiwandani, nusu darasani, wiki inayofuata wanapishana. Waterloo kilianza nao 1957, mwaka kilipoanzishwa. Mshahara wao niliutamani, sikatai. Lakini kilichonigusa zaidi ni kule kurudi. Mwanafunzi anayerudi mahali mara ya pili anakwenda na maswali aliyoyakosa mara ya kwanza. Na sisi watu wa pwani ndio tunaohitaji hilo kuliko wote, kwa maana bahari yetu ina misimu miwili na atachimenti yetu ina mmoja.

Sikuweza kubadilisha kalenda ya chuo. Niliweza kurudi. Nilipomaliza wiki ya 12 nilimwomba yule mzee wa BMU anipokee tena Desemba, wakati wa likizo, na nikamwomba mhadhiri anipe barua nyingine. Alisita, kwa sababu wiki hizo hazina alama wala bima ya chuo. Tukakubaliana kwamba sitapanda chombo, nitapima pale pale pwani tu. Nauli nilijichangia kwa kushona mikoba ya ukili na kumuuzia jirani mwenye duka Malindi.

Desemba Lamu ni mji mwingine. Kaskazi imeingia, maji yametulia na kuwa maangavu, vyombo vinatoka alfajiri na kuvuka mwamba. Siku ya kwanza niliona jodari, nguru, kolekole, samaki ambao Juni niliwaandika kwenye daftari kama majina niliyosimuliwa. Bei za mnada nazo zilikuwa nyingine, na wachuuzi wa barafu walikuwa wakigombaniwa. Nilikaa wiki nne. Daftari la Desemba lilijaa kabla ya wiki ya tatu, nikanunua jingine dukani, kurasa 96.

Niliweka majedwali mawili bega kwa bega kwenye ripoti: bandari ileile, watu walewale, misimu miwili. Mhadhiri aliniita ofisini kwake. Alama, alisema, atanipa kwa zile wiki 12 tu, kwa sababu ndivyo kanuni inavyotaka, na nilimwelewa. Kisha akaniomba nakala ya jedwali la pili aweke kwenye somo lake la mwaka wa pili.

Nakala nyingine nilimpelekea mzee Lamu, nimeichapisha kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yake. Aliifuata kwa kidole mstari kwa mstari, akasimama kwenye Juni, ile siku ya samaki 17. “Siku hii naikumbuka,” akasema. “Mvua ilitupata kule Mkanda.” Akaomba kalamu, akaniambia niandike hilo pembeni.

Mdogo wangu anaingia mwaka wa tatu Septemba. Ameshaniomba ule ukurasa mmoja wa wiki 9, na nimempa.