Inflammable maana yake inawaka

Chupa ikiandikwa inflammable, iweke mbali na moto. Neno hilo la Kiingereza lina maana ile ile ya flammable: kinachoshika moto kwa urahisi. Kinachowapoteza wengi ni ile in- ya mwanzo. Aliyezoea kwamba incorrect ni isiyo sahihi na invisible ni isiyoonekana, atadhani hii ni isiyowaka. Lakini in- hii haikanushi chochote. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini inflammare, kutia moto, na katika ukoo huo wamo pia inflame, kuwasha au kuchochea, na inflammation, uvimbe wa mwilini wenye joto na wekundu. Kisichowaka huitwa non-flammable. Waliosoma kwa Kifaransa, kule Kongo au Burundi, wao wamezoea: kinachowaka ni inflammable, kisichowaka ni ininflammable.

Kosa hilo linaweza kuua. Ndiyo maana huko Marekani wataalamu wa kinga ya moto walianza miaka ya 1920 kuhimiza flammable itumike kwenye maonyo. Nami nasema hivyo hivyo: ukitengeneza lebo, andika flammable tu. Inflammable iachie hasira za watu na siasa za kuchochea.

Kwenye lebo za kemikali zinazofuata mfumo wa Umoja wa Mataifa, neno flammable huenda na kipimo. Hupimwa joto la chini kabisa ambalo kimiminika hutoa mvuke wa kutosha kulipuka cheche ikitokea. Kikifanya hivyo chini ya nyuzi 23 za Selsiasi, lebo husema highly flammable. Na kama pia kinaanza kuchemka kabla ya kupita nyuzi 35, huwa extremely flammable. Kati ya 23 na 60 ni flammable tupu. Kutoka hapo hadi 93 huandikwa combustible, yaani kinaungua, lakini kwanza kipate joto.

Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa husubiri nyuzi 38 hivi au zaidi. Kwa hiyo mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli, hata kidogo, hugeuza jiko la utambi kuwa bomu: mvuke hujaa ndani ya tangi na kulipuka.

Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujikusanya mtaroni, na unaweza kufuata moto ulio mbali na mafuta yenyewe. Sachangwan, Kenya, mwaka 2009 na Msamvu, Morogoro, Tanzania, mwaka 2019, malori ya mafuta yalipinduka, watu wakakimbilia kuchota, na kila ajali ikaua zaidi ya watu 100. Ukiona lori limelala, ondoka kuelekea upepo unakotoka, usiwashe pikipiki, na uwazuie wanaokuja na madumu.