Fargo mpaka Medora: safari ya nchi ya makauboi na shemeji yangu

Fargo mpaka Medora, kule jimbo la North Dakota Marekani, ni barabara moja tu, I-94, unanyoosha magharibi mpaka unachoka, nyasi kulia nyasi kushoto, na shemeji yangu ndo alikuwa kwenye usukani maana yule ukimweka abiria atakupigia breki yeye. Mimi nilitaka kuona nchi ya makauboi, yeye alitaka kuona Salem Sue, lile sanamu la ng'ombe la futi 38 pale New Salem, basi tukaelewana.

Kwanza tukakata kusini pale Mandan, kwenda Fort Abraham Lincoln, ngome alikotokea Custer, yule ofisa wa jeshi la Marekani, na kikosi cha 7 cha wapanda farasi mwaka 1876, akaenda kuuawa vitani asirudi tena. Nyumba yake wameijenga upya, watu wanajipiga picha. Mimi bana akili yangu ilikuwa kwa Mrs. Nash. Huyu alikuwa Mmexico, mfua nguo wa kikosi, na mkunga pia, wanawake wa ngomeni walimtegemea kwenye uzazi, na aliolewa na wanajeshi zaidi ya mmoja, wa mwisho koplo mmoja anaitwa Noonan, wakakaa vizuri tu. Mwaka 1878 akaugua, mume yuko porini na wenzake, akawaomba waliokuwa wanamuuguza kwamba akifa wamzike hivyo hivyo alivyo, wasimguse. Wao wakaona ah, marehemu lazima apate heshima zake, wakaanza kumwosha, ndo wakakuta ana maumbile ya kiume. Noonan kurudi akawa kichekesho cha kambi nzima, na haikupita muda akajipiga risasi.

Shem kimyaa, halafu, "Sasa mume alikuwa hajui?"

Shem, watu wamekaa ndani miaka, jijibu mwenyewe.

Akasema haya lakini huyo ni mwanajeshi, kauboi ni kitu kingine, hana mambo hayo ya mwanaume na mwanaume. Hapo ndo ubishi ukaanza. Nikamwambia fikiria wale vijana walioswaga ng'ombe kutoka Texas kupanda juu kwenye reli za Kansas, na baadaye mpaka huku Dakota, ng'ombe elfu mbili tatu, vijana kumi au kumi na mbili, miezi miwili mitatu porini kwa dola 30 au 40 kwa mwezi, mwanamke humwoni. Walikuwa na dansi zao wenyewe, mmoja anafunga kitambaa mkononi, basi huyo usiku ule anacheza upande wa kike, na anaombwa kwa adabu kabisa. Usiku wengine wanalala wawili blanketi moja.

"Baridi hiyo," akasema shem. Na ana pointi, mimi mwenyewe nimekua nalala kitanda kimoja na binamu zangu, blanketi sio ushahidi. Ila Kinsey, yule Mmarekani mtafiti wa mambo ya ngono, kwenye ripoti yake ya 1948 aliandika kwamba wanaume kulala na wanaume ni jambo alilolikuta sana tu kwa wafugaji, wachimba madini na wakata mbao wa kule mbali, watu wa shoka ambao walikuwa hawajiiti jina lolote, na hao hao walikuwa hawataki kabisa kumuona mwanaume wa mjini mwenye madaha ya kike. Mimi hapo ndo naona mantiki ya makauboi wenyewe kukaa kimya kuhusu hayo, kauboi aliyekaa kuandika maisha yake ameshazeeka, ana mke na wajukuu, unategemea aandike nini?

Salem Sue tukamwona, mkubwa kweli, ila ni ng'ombe wa maziwa, kauboi gani angemswaga.

Medora ni kamji kadogo, alikaanzisha Mfaransa mmoja, Marquis de Morès, mwaka 1883, akakapa jina la mke wake, na bomba la moshi la machinjio yake bado limesimama. Ile baridi ya 1886 kuingia 1887 ilimaliza ng'ombe huku, hata Theodore Roosevelt aliyekuwa anafuga huku na akaja kuwa rais alipoteza wengi. Kumsimulia hiyo shem akasema kwa baridi hiyo hata yeye blanketi angegawana, nikamuuliza na nani, akaanza kuulizia sehemu ya kula.