Safu ya nne ya kreti

Nyundo ya fundi ililia kang, kang, kang, halafu ikalia pwa. Akasita, akajivuta zaidi chini ya pikapu, akagonga tena palepale. Kutu ikammwagikia kifuani vipande vipande kama maganda ya vitunguu.

"Mama, njoo uone."

Nikajikunja na magoti yangu haya ya miaka 58, nikachungulia. Pale chesisi inapopita juu ya tairi la akiba palikuwa na tundu la kuingia vidole vitatu.

"Nichomelee basi."

"Nishaichomelea mara tatu, mamangu. Sasa nichomelee nini juu ya nini? Chuma chenyewe hakipo."

Basi ndiyo ikawa mwisho wa pikapu yangu ya mwaka 1998. Sina la kuilaumu. Inalala Mikindani, hapa Mombasa, upepo wa bahari ukiipaka chumvi, na siku za soko naipakia mzigo usiokuwa wake. Gari gani lingestahimili?

Shamba liko mbele ya Mkongani, kule Kwale, ekari tisa: machungwa, minazi, na migomba ya kujaza nafasi. Machungwa ndiyo pesa. Soko ni Kongowea, na Kongowea ukichelewa umelala na mzigo wako, kwa hiyo tunapakia jioni na kutoka usiku. Zamani safari ilikuwa ya kukaa kwenye foleni ya feri Likoni, machungwa yakijiivia juani. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguke nateremka Kwale hadi Kombani, nashika Kibundani, daraja la Mteza, Mwache, nachomoza Miritini, kisha Changamwe, Makupa, Buxton na daraja la Nyali. Hiyo yote ni lami. Ubaya uko kwenye kilomita sita kati ya lami na shamba langu, na hasa bonde moja lenye kijito ambapo kila masika nalala barabarani angalau usiku mmoja. Nikasema safari hii nanunua mpya, dizeli, na inunuliwe ya kazi kweli.

Mpwa wangu akanipeleka kwanza yadi moja ya magari ya kutoka nje. Alikuwa ameshaipenda dabokebini moja iliyotoka Uingereza, nyeusi, viti vya ngozi, skrini kubwa kuliko televisheni yangu. "Shangazi, hii unaenda nayo shamba na unaenda nayo harusini." Kijana hakujua kwamba shangazi yake amekaa miaka 26 kwenye kazi ya kutoa mizigo bandarini, na magari nimeyaona yakishuka melini mpaka nikachoka. Nikamwambia ashike simu animulikie, nikainama.

Ya juu yalikuwa mazuri. Ya chini yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Wenzetu kule wakati wa baridi barabara zao zinamwagwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inarukia chesisi. Nimetoka kuzika gari moja kwa ugonjwa huo, ndio ninunue jingine lililokuja nao?

Halafu kuna bomba la moshi. Sheria yetu ya Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka minane, kwa hiyo pikapu ya dizeli inayotoka Uingereza siku hizi karibu lazima iwe na chujio la masizi ndani ya ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili yaungue ekzosi inataka joto la mwendo mrefu wa barabara kuu. Mimi nazunguka shambani gia ya kwanza na ya pili, nusu saa, nazima. Litaziba tu. Nyingi zina pia kitangi cha maji ya urea ambayo lazima uyajaze, yakiisha na ukalizima gari haliwaki tena. Hebu nifikirie niko bondeni saa tano za usiku na machungwa, gari limekataa kuwaka kwa sababu ya maji ya urea. Nikamrudishia mwenye yadi ufunguo wake.

Fundi wangu naye alikuwa na moja tu kichwani: Land Cruiser, ile pikapu ya 79. Fundi huyu akiitaja anashusha sauti kama anataja walii. Na sikatai, ana hoja. Gari lenyewe linaunganishwa hapa hapa Miritini, nalipita kila wiki. Injini ya 1HZ ni ya cc 4,164, pistoni sita kwa mstari mmoja, haina turbo, haina kompyuta ya kuigombeza, pampu yake ya dizeli ni ya vyuma na springi tu. Ukikumbuka kuubadilisha mkanda wa taimingi kwa wakati wake, injini hiyo utaiachia mjukuu. Tangi linabeba lita 130.

"Hizi mpya zingine," akaniambia huku akifuta mikono, "ndani ya reli, lile bomba la kugawia injekta, dizeli inasukumwa kwa presha ya bar elfu mbili hivi. Tairi lako lina bar mbili, tatu. Sasa piga hesabu tone la maji likiingia humo." Injekta moja ikiharibika, akasema, utauza mbuzi. Zikiharibika nne, utauza shamba lenyewe.

Hapo alinigusa, maana dizeli yangu mimi mwenyewe naijua ilivyokuwa. Naiweka kwenye pipa shambani, naimimina kwa madumu yaliyowahi kubeba kila kitu isipokuwa maji ya Zamzam. Gari la zamani lilikunywa bila kuuliza. Na ya kununua nayo tumeonja mengi: miaka ile kabla ya 2018, serikali ilipoongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kuchanganya taa na dizeli ilikuwa biashara ya watu wazima. Mafuta ya taa hayana ule utelezi wa dizeli, na pampu hujilainisha kwa mafuta hayo hayo yanayopita ndani yake. Ukiitilia taa unaisagisha chuma kwa chuma.

Nikaenda kuuliza bei ya Land Cruiser mpya. Sitaiandika hapa, wengine mna presha. Nilitoka nje nikanunua madafu mawili nikayanywa yote nimesimama.

Wiki ile nikachukua kreti moja tupu ya machungwa, ya plastiki, nikaitia kwenye buti ya teksi pamoja na futi ya fundi nguo, nikaenda zangu kwenye maduka ya magari mapya. Duka la kwanza kijana wa mauzo alimpa mkono mpwa wangu, akamwita bosi, akaanza kumweleza habari za kiyoyozi. Mimi ndiye mwenye hundi, nimesimama na kreti mkononi kama niliyetumwa dukani. Nikamwacha amalize. Duka la pili alikuwa binti, akanitazama, akaitazama kreti, akasema, "Mama, unataka nikufungulie nyuma?" Nikajua tutaelewana.

Tukaiweka kreti ndani ya kitanda cha pikapu, tukaisogeza hatua kwa hatua, yeye akihesabu mimi nikitia alama kwa chaki. Dabokebini ina kitanda cha mita moja na nusu hivi. Kreti zangu ziliingia sita kwa safu. Tukahamia Isuzu D-Max ya kebini moja, kitanda karibu mita 2.3: kumi kwa safu. Safu tatu, kreti 30.

Kreti yangu ikijaa ina kilo 24, nimeipima kwa mizani ya kopra nyumbani. Thelathini ni kilo 720. Pikapu hizi za kawaida, Hilux kwa D-Max, uwezo wake ni kama tani moja, na watu wengi husahau kwamba tani hiyo ni pamoja na dereva, taniboi, na mama mwenye mali. Sisi watatu tuweke kilo 210, nami mwenyewe si mchango mdogo humo. Jumla 930. Imetosha, na turubai juu.

Safu ya nne ndiyo dhambi. Kreti 40 na watu ni kilo 1,170, na kwa miaka yote ile mimi nimekuwa napakia safu nne, nikipata mwanya naongeza na mikungu miwili ya ndizi juu. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha gari jipya la watu nikapiga hesabu hiyo kwa chaki, na ndipo nikaacha kuisema chumvi peke yake.

Binti akaniuliza swali ambalo hakuna mwanamume aliyeniuliza: "Mama, hiyo barabara mbaya ni kilomita ngapi?" Nikamwambia sita. "Zote mbaya?" Nikanyamaza. Si zote. Sehemu kubwa ni mchanga na vijiwe, hata bodaboda hupita na watu watatu. Mbaya ni pale bondeni, mita mia mbili, labda mia mbili na hamsini. Yaani nilikuwa karibu kuchukua mkopo wa kununua Land Cruiser kwa ajili ya mita mia mbili.

Nikachukua D-Max, kebini moja, yenye kuvuta magurudumu yote manne. Kwa nini si Hilux? Sina falsafa. Jirani zangu wawili kule Mkongani wana D-Max, na usiku wa shida filta ya kuazima kwa jirani inashinda iliyoko dukani mjini. Fundi alinuna siku mbili, halafu akaja kunipakia rangi ya lami chini, kutoka bampa mpaka bampa, akiniamuru niioshe tumbo kwa maji yasiyo na chumvi kila Jumapili. Pipa la dizeli nimelitupa. Najaza kituo kile kile kimoja, na kila asubuhi naifungua ile koki ndogo ya filta ya maji, naachia tone moja mbili kwenye chupa ya glasi na kuitazama juani. Mpwa wangu anasema nimekuwa daktari wa mkojo.

Na zile pesa ambazo zingekwenda kwenye Land Cruiser, sehemu yake ndogo tu, wallahi ndogo, tulikaa na majirani na mzee wa mtaa tukazipeleka bondeni. Wao walitoa nguvu na mawe, mimi nikalipa lori 11 za maramu na kalvati za zege za milimita 600, mistari miwili. Vijana walichimba siku nne. Siku ya tano ilinyesha, na sote tukasimama na miavuli kutazama maji yakiingia upande huu na kutokea upande ule kama watu wanaotazama mechi.

Masika yamepita na sijalala barabarani hata usiku mmoja. Ile fowili nimeitia mara mbili tu, na mara moja ilikuwa kumwonyesha shemeji. Jumanne iliyopita nateremka na kreti zangu 30, nikakuta Probox inapanda kutoka bondeni, magunia ya mihogo juu ya keria, nyuma imeinama karibu isugue chini, dereva ameweka mkono mmoja dirishani. Akanipigia honi nimpishe.