Na simu yenyewe umemaliza kulipia?

Maneno matano. Nimeyahesabu kwa vidole mara nyingi kuliko nilivyohesabu hela ya kikoba wiki hii. "Na simu yenyewe umemaliza kulipia?" Wifi aliyasema Jumapili saa tisa alasiri huku anachambua mchicha, wala hakuinua macho. Leo Ijumaa bado yamenikaa kama mwiba wa sato kooni: hauui, lakini kila ukimeza unaukumbuka.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, nisije nikaonekana nalalamika bure. Nalalamika, lakini si bure.

Tulikuwa kwa mama mkwe, Nyakato hapa Mwanza, kama kila Jumapili. Umeme ulikatika tangu asubuhi, watoto wanazurura uani, watu wazima wameshiba na hawana la kufanya. Nikatoa simu, hii mpya yenye kioo kipana, nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, nikawaita wote waje waone kitu. Mnaikumbuka ile filamu fupi ya Annie Leonard, The Story of Stuff, ya mwaka 2007, niliyowasumbua nayo mwezi uliopita? Mwanamke amesimama, nyuma yake vikatuni vya mistari tu, anaeleza safari ya kitu kuanzia kinapochimbwa, kinapotengenezwa, kinaposambazwa, kinaponunuliwa, mpaka kinapotupwa. Dakika 20 na ushei. Nilishaiangalia mara tatu, nikajiona nimeiva. Nikawa natafsiri sentensi kwa sentensi kwa ile sauti yangu ya darasani ambayo mume wangu huiita "sauti ya gwaride".

Nikafika kwenye redio. Hapo ndipo ninapopapenda. Anasema siku moja alitaka redio ya kusikilizia habari, akaikuta dukani ndogo, ya kijani, inapendeza, dola 4 na senti 99. Yuko kwenye foleni anajiuliza: chuma chake labda kimechimbwa Afrika Kusini, mafuta yametoka Iraq, plastiki China, imeunganishwa Mexico, na bado ina pango la rafu iliyokalia na mshahara wa aliyemhudumia. Inakuwaje inauzwa bei hiyo? Jibu lake ni kwamba si yeye aliyeilipia. Wamelipa wengine huko nyuma, mmoja kwa ardhi yake, mwingine kwa hewa anayovuta. Na anawataja watoto wa Congo walioacha shule kwenda kuchimba madini ya koltani.

Ningenyamaza hapo, tungekunywa chai kwa amani. Lakini nikaongeza la kwangu: "Hiyo koltani ndiyo iliyomo kwenye hizi simu tunazobadilisha kila kukicha."

"Na simu yenyewe umemaliza kulipia?"

Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta jicho, lile lenye ukungu. Shemeji mdogo akatoka nje kabisa, akaenda kuchekea kwenye ndizi. Mume wangu naye alicheka, na yeye ndiye aliyeniwekea sahihi ya udhamini!

Mliokuwepo mwezi wa nne mnajua habari ya simu hii niliyoichukua kwa mkopo, ila hamjui hesabu yake, kwa sababu hata mimi niliifanya kwa mara ya kwanza Jumapili hiyo usiku, mume amelala, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia. Kianzio 60,000. Kisha 1,500 kila siku kwa siku 365. Jumla 607,500. Bei ya kuinunua taslimu, duka hilohilo, kioo hichohicho: 350,000. Na ukichelewa, kesho yake mchana inajifunga. Inakuandikia kwa adabu sana kwamba tafadhali ulipie uendelee kufurahia. Iliwahi kunifungia kwenye daladala pale Buzuruga, mbele ya mzazi wa mwanafunzi wangu niliyekuwa namwonyesha picha ya mahafali.

Sasa kinachonikera si deni. Nani hana deni? Ni kwamba simu yangu ya zamani haijafa. Iko kwenye droo ya kabati pamoja na vifungo na risiti za maji, na ukiichaji inawaka. Nilinunua hii kwa sababu ya katibu wetu wa kikoba, ambaye siku ya kupiga picha ya pamoja alisema tu, "Mwalimu, tumia ya kwangu, hiyo yako inatoa picha za ukungu." Basi. Kwenye filamu ileile kuna kipande cha visigino: mwaka huu wanawake wavae vinene, mwaka ujao vyembamba, na si kwa ajili ya miguu yao, ni ili mwenye kisigino cha mwaka jana ajulikane kwa macho. Kipande hicho nilikitafsiri Jumapili kwa ufasaha wa ajabu, na mifano juu.

Usiku nimekuwa natunga majibu. Jumatatu nilipata hili: "Na robota lako la mitumba ulilinunua kwa hela yako?" Jumanne nikalipata zuri zaidi, kwamba mtu akizama ndiye anayejua kina cha maji, nikalipenda mpaka nikawasha taa niliandike. Asubuhi nikaona halijibu swali. Swali lilikuwa ndiyo au hapana.

Mengine ya wiki: Jumatano mama mkwe katolewa mtoto wa jicho, salama, kitu cha kwanza alichokiona vizuri ni mimi, akasema nimekonda. Na barua ya uhamisho ya mume wangu imetoka, ni Sumbawanga, tutaongea.

Jumanne jioni niliwawekea watoto WALL-E, ile katuni ya Pixar ya mwaka 2008 iliyoongozwa na Andrew Stanton. Safari hii sikutafsiri neno, na uzuri wake ni kwamba muda mrefu wa mwanzo hakuna maongezi ya maana, hata bibi angeielewa na jicho lake moja. Kiroboti kimebaki peke yake duniani na mende wake, kinashindilia takataka za watu kuwa matofali na kuyapanga marefu kuliko maghorofa. Kuna pahali kinaokota kiboksi chenye pete ya almasi. Kinaitazama pete, kinaitupa, kinabaki na kiboksi kwa sababu kinafunguka na kujifunga, kap, kap. Mdogo alirudisha nyuma mara sita. Mimi nilingojea wale binadamu walionenepa kwenye viti vinavyoelea, kila mmoja na kioo chake puani, pale wanapotangaziwa kwamba bluu ndiyo nyekundu mpya, wanabonyeza, na nguo zote zinageuka bluu kwa mkupuo. Nilifumba mdomo wangu. Mkubwa akanitazama, akatazama simu, naye akafumba wake.

Mwishowe Mdogo akauliza kile kiroboti kinauzwa wapi. Na kweli viliuzwa. Katuni ya kuwasuta watu kwa kununua vitu ikatengenezewa midoli yake, Disney haikuona haya.

Jana Alhamisi nilipitia sokoni Mlango Mmoja, wifi anakouzia mitumba, kurudisha hotipoti yake. Nilipanga nimwachie wifi kwa jirani yake wa meza nipite, lakini alikuwa peke yake na robota jipya, kilo 45, nguo za watoto, akasema, "Shika huku wifi, nikate hizi kamba." Nikashika. Sijawahi kukaa naye mpaka robota likafunguliwa. Linalia kama mtu anayeshusha pumzi, kisha linavimba, na ile harufu ya dawa inakupanda kichwani. Wifi hakunitazama, alikuwa anasali kwa midomo. Unalipa zaidi ya laki nne kwa kitu usichokiona ndani. Akachambua haraka kama alivyochambua mchicha: huku za kuuza elfu tano, huku elfu mbili, huku za jero, huku za kufutia baiskeli. Fungu la baiskeli lilikuwa kubwa. Lilizidi kukua. Alipofika chini ya robota alikuwa ameacha kusali.

Katika fungu la elfu tano kulikuwa na gauni la njano la mtoto, bado lina kikaratasi cha bei cha huko lilikotoka, hakijang'olewa. Mtu alilinunua, akaenda nalo nyumbani, halikuvaliwa hata siku moja, likavuka bahari mpaka Mwanza. Nikataka kukichana kikaratasi. Wifi akanipiga mkono. "Acha, hicho ndicho kinachoniuzia."

Nikiwa nakunja nikamwambia lililokuwa kichwani, kwamba hizi nguo ni mapanki. Ninyi wa Mwanza mnaelewa, wengine niwaambie: sangara akishatolewa minofu kiwandani, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, kinachobaki huku ni kichwa na miiba, ndiyo mapanki. Nguo hivyohivyo, minofu wanavaa wao, mifupa inashuka kwetu. Nilidhani nimesema jambo la akili.

Wifi akaacha kukunja. "Mapanki yamenisomesha, wifi."

Nilikuwa nimesahau. Marehemu mama yao mdogo, aliyemlea wifi kule Igoma, alikuwa anayakaanga. Ndiyo maana kwenye familia hii huwezi kutaja Darwin's Nightmare, ile filamu ya Hubert Sauper wa Austria ya mwaka 2004 iliyofika mpaka kuwania Oscar: ndege za Ilyushin uwanjani kwetu, minofu inapakiwa, na watu wetu wanaanika mapanki katikati ya funza. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani na watu wakaandamana hapa mjini. Mimi siku zote nimeona filamu ile ilisema kweli kuhusu samaki. Wifi jana akasema, "Funza walionyeshwa. Ada ya shule haikuonyeshwa." Akaendelea kukunja. Na akanikumbusha mwaka 2016, marais wa Afrika Mashariki walipokubaliana mitumba ikome kufikia 2019, sisi wasomi tukashangilia mezani kwake mwenyewe, tena tunakula wali wake. Marekani ikatishia, Rwanda peke yake ikashikilia, ikanyimwa nafuu ya ushuru wa nguo mwaka 2018, wengine tukarudi nyuma. "Ninyi mlishangilia," alisema. Hakukasirika. Nilikumbuka kwamba nami nilishangilia.

Ilikuwa inakaribia saa sita. Akanyanyua uso, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akanitazama sawasawa.

"Ya leo umelipia?"

Sikuwa nimelipia. Mtandao ulisumbua asubuhi, kisha nikasahau. Akafuta mkono kwenye kanga, akatoa kiswaswadu chake kilichofungwa mpira wa manati ili betri isidondoke, akaniomba namba ya malipo, akabonyeza herufi zilizofutika kwa kumbukumbu ya kidole, akatuma 1,500. "Nisije nikakutafuta nisikupate," akasema. Kisha gauni la njano akalitia kwenye hotipoti, hotipoti ileile niliyokuja kuirudisha, akanisukumia. Kikaratasi cha bei alikitoa kwanza, akakibandika kwenye nguo nyingine.

Nimetembea mpaka stendi sijui kama nimependwa au nimepigwa mara ya pili. Mume wangu anasema ni kupendwa. Yeye hakuwahi kuulizwa lile swali. Ila gauni limemkaa Mdogo vizuri, amelala nalo, na mimi usiku wa jana sikutunga jibu lolote.

Jambo jingine. Mkubwa ana jino linatikisika. Nilifurahi mpaka nilipomwambia afungue mdomo. Ni gego la chini, kushoto, na la utoto lilishang'oka hapo mwaka juzi, nakumbuka kwa sababu tulilitupa juu ya paa la jikoni. Hili ndilo lilipaswa kukaa. Anasema haliumi. Nimemulika kwa tochi ya simu mara tatu, jana usiku, leo asubuhi na sasa hivi, na kila nikiligusa naona limelegea zaidi kidogo.